Uji Mchachu si Pombe

Wako watu wetu wa Pwani ambao wakifika Kisii au Nyamira, wakakaribishwa uji wa wimbi, huunusa, wakakunja uso na kuurudisha. "Umechacha huu! Si pombe hii?" Mimi nami nilikuwa mmoja wao, mpaka mama mmoja wa Nyamira aliponikalisha jikoni kwake nikajionea.

Unga wa wimbi hukorogwa kwa maji safi, ukafunikwa siku moja au mbili. Kule milimani kuna baridi, kwa hivyo haufanyi haraka kama kwetu. Vijidudu vinavyouchachua ni jamaa wa vile vinavyogeuza maziwa kuwa mtindi. Kisha hupikwa ukatokota, ukatiwa sukari. Pombe ya wimbi ina njia yake nyingine: hutiwa kimea, ikaachwa iumuke kwa hamira, nayo hulevya.

Basi kilichoharamishwa ni ulevi, si uchachu. Siki twaila, na Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Mwenye shaka na aulize kwanza namna uji ulivyotengenezwa, kisha awaulize masheikh, lakini asimvunjie heshima mwenyeji wake kwa kumkunjia uso.

Lawama yangu nyingine ni kwa wenye haraka, wanaokamulia ndimu uji usiolala wakauita mchachu. Huo una ukali tu, ladha hauna. Ukiutaka mtamu nyumbani kwako, safisha chombo, funika, ungoje. Subira huvuta heri, hata jikoni.