NYUMBANI KWETU: Ajali haina kinga, lakini kichwa kinayo

Ndugu wasomaji, juma hili safu yetu inageukia chombo ambacho huku Gikundamvura kimekuwa sehemu ya maisha ya karibu kila nyumba, nacho ni pikipiki. Humpeleka mgonjwa kituo cha afya, humfikisha mama sokoni Bugarama, na humrudisha askari nyumbani siku za likizo akitokea Kamembe. Hata hivyo, pamoja na faida zake zote, liko jambo moja linalozua ubishi vijiweni na hata mezani wakati wa chakula. Jambo hilo ni kofia ngumu, ambayo wengi wetu huiita kasike.

Sheria ya barabarani ya Rwanda imekwisha kata shauri: dereva avae, na abiria wake avae. Ndiyo maana kila motari hutembea na kofia mbili, moja kichwani mwake na nyingine ya kumpa abiria. Kwa hiyo ubishi wetu hauhusu tena kuvaa ama kutovaa. Umejificha ndani ya uvaaji wenyewe. Abiria mmoja huitua kofia kichwani kama atuavyo kikapu, mkanda wa kidevuni ukining'inia. Wa pili hupewa kofia ambayo mkanda wake ulikwisha katika zamani, naye haulizi. Wa tatu huvaa palipo na askari, akaivua mara tu apitapo kona. Wote watatu hujiona wametii sheria, au angalau wameepuka faini, lakini vichwa vyao havina kinga yoyote.

Kofia hufanyaje kazi?

Yafaa tuelewe kwanza kilichomo ndani ya kofia hii. Gamba la nje ni gumu, na kazi yake ni kulitawanya pigo lisiangukie mahali pamoja. Chini ya gamba hilo mna tabaka la povu gumu, jeupe au jeusi. Hilo ndilo mlinzi hasa. Kichwa kinapogonga barabara, povu hubonyea na kulimeza pigo, ili ubongo usirushwe kwa nguvu ndani ya fuvu. Povu likishabonyea halirudi tena kama lilivyokuwa. Basi kofia iliyokwisha pata ajali moja kubwa imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje ingali inang'aa.

Na mkanda je? Mkanda ndio unaoifanya kofia ibaki kichwani. Mtu anapoanguka, mara nyingi kichwa hugonga zaidi ya mara moja: kwanza gari au jiwe, kisha ardhi. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya pigo la kwanza au mara baada yake, na pigo linalofuata hukikuta kichwa kitupu.

Wataalamu waliokusanya na kupima tafiti nyingi za dunia walitoa matokeo yao mwaka 2008. Waliona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli kwamba motari hodari hawezi kuzuia ng'ombe kukatiza barabara wala lori kufeli breki. Lakini kichwa, tofauti na ajali, kinayo kinga.

Funzo kutoka jeshini

Ndugu zetu wa vikosi vya ulinzi huenda wasijue kwamba historia ya kofia hii ilipita jeshini kabla ya kuwafikia raia. Mwezi Mei 1935, T. E. Lawrence, Mwingereza aliyejulikana ulimwenguni kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake huko Uingereza alipojaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu. Alilala bila fahamu kwa siku sita, akafariki akiwa na umri wa miaka 46.

Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, aliona matarishi wa jeshi wakifa barabarani nchini mwao wenyewe, mbali na uwanja wa mapigano. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake, akaonyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, watu 2,279 waliopanda pikipiki walikufa kwa ajali za barabarani Uingereza. Kati ya majeruhi aliowachunguza, saba tu ndio waliokuwa wamevaa kofia ngumu, na wote saba walipona. Mwezi Novemba mwaka huo huo Jeshi la Uingereza likaamuru kila askari wake aendeshaye pikipiki kazini avae kofia. Raia wa nchi hiyo walingoja hadi mwaka 1973 ndipo sheria kama hiyo ikawahusu.

Hoja zinazosikika

Tuzitazame sasa hoja za wasiopenda kofia, kwa kuwa si vema kuzidharau.

Ya kwanza ni joto. Bonde la Bugarama ni miongoni mwa sehemu za chini na zenye joto zaidi nchini, na mwenye kuvaa kofia hapa saa saba mchana hutoka jasho. Ni kweli. Lakini askari naye hutokwa na jasho ndani ya sare yake, wala haivui kwa sababu hiyo. Joto ni taabu ya nusu saa, na jeraha la ubongo laweza kuwa taabu ya umri mzima.

Ya pili ni uchafu, na hoja hii ina uzito. Kofia moja huvaliwa na watu wengi kwa siku, na mapunye yaweza kuenea kwa kuvaliana kofia. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, pikipiki za abiria zilisimamishwa. Sehemu nyingi za nchi ziliruhusiwa tena tarehe 3 Juni, nasi wa Rusizi, pamoja na wenzetu wa Rubavu, tukaendelea kungoja. Wakati ule kila mtu alijifunza kufikiri juu ya kitu kinachoguswa na wengi. Dawa ya uchafu, hata hivyo, ni usafi. Kuacha mkanda wazi hakumzuii mdudu yeyote.

Ya tatu ni safari fupi: "Naenda hapo tu." Kichwa cha aendaye karibu huanguka kutoka urefu ule ule wa kichwa cha aendaye mbali, na jiwe la njiani halipimi urefu wa safari.

Ya nne husemwa kwa kiburi: "Kichwa ni changu." Hapo ndipo safu hii ya nyumbani inapolazimika kujibu. Kichwa kikiumia, mwenyewe hulala, na mke, mama au dada ndiye amlishaye kwa kijiko. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika hospitali kubwa za Kigali, safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe. Nani atakayeacha shamba la mpunga amfuate? Nani atawaangalia watoto? Kichwa cha baba au cha mama ni mali ya nyumba nzima.

La kufanya nyumbani

Kwanza, familia inayoweza na inunue kofia yake yenyewe, kama inavyonunua mwavuli. Mwaka 2024 Rwanda ilianzisha mradi uitwao Tuwurinde, yaani "tuulinde" mutwe wetu, wenye shabaha ya kuleta kofia zilizopimwa ubora. Asiyeweza kununua awe na kitambaa chepesi, safi, cha kuvaa ndani ya kofia ya motari.

Pili, kofia iwe ya kadiri ya kichwa. Ivae, funga mkanda, kisha tikisa kichwa na jaribu kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikivuka, ni kubwa mno. Kati ya mkanda na kidevu pasipite zaidi ya vidole viwili.

Tatu, ioshe kwa maji na sabuni laini, uianike kivulini. Usiisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, kwa maana huliharibu povu.

Nne, motari akikupa kofia yenye mkanda uliokatika, ikatae kwa adabu: "Ndugu yangu, nitafutie nyingine, au nitangoja mwenzako." Abiria kumi wakikataa kwa siku moja, kesho mkanda utashonwa.

Tano, mtoto asiwekwe katikati ya watu wawili, wala asivalishwe kofia ya mtu mzima inayomfunika macho.

Ndugu askari polisi, kampeni yenu ya Gerayo Amahoro, iliyoanza mwaka 2019, inatuambia tufike salama. Mnaposimamisha pikipiki, tunaomba mtazame kidevu kama mnavyotazama kichwa. Nanyi ndugu wanajeshi, vijana wa kijiji huwaangalia. Mkija likizo mkafunga mikanda yenu, nao watafunga. Mkiiacha ining'inie, watasema hata askari hafungi.

Na kwako mama wa nyumba, kabla mtu wako hajaondoka, usiridhike kumwona amevaa. Nyosha mkono uguse mkanda. Ukiwa umelegea, mwambie aukaze ndipo aende. Kawia ufike.