Datsun 240Z: Kufufua gari la kale si kuweka akiba

BEI ya gari la kale inapotangazwa mnadani, wengi huona faida na wachache huuliza gharama. Mfano wa wazi ni Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani ambalo bei yake Marekani mwaka 1970 ilikuwa dola 3,526. Januari 2020, gari moja la aina hiyo, la mwaka 1971, lilinunuliwa katika mnada wa Marekani kwa dola 310,000.

Habari kama hiyo hutia tamaa. Mtu mwenye akiba kidogo huona bodi iliyotelekezwa uani kwa jirani, hupiga hesabu kwa bei ya mnada, kisha huamua kuifufua. Hapo ndipo mitaji ya watu wadogo huzama.

Gari lile la dola 310,000 halikutoka kwenye rundo la vyuma chakavu. Lilikuwa limetembea maili 21,000 hivi tu, likatunzwa. Mnunuzi alilipia uasilia, kitu ambacho fundi hawezi kukirudisha. Hata hivyo, kutoka dola 3,526 hadi dola 310,000 kwa karibu miaka 50 ni ongezeko la kati ya asilimia 9 na 10 kwa mwaka, kabla ya kutoa bima, banda na matunzo. Si haba, lakini si muujiza. Tena hilo ni gari moja, lililopata bei isiyo ya kawaida.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Baada ya kusimamisha mauzo ya 300ZX nchini Marekani mwaka 1996, Nissan ilitaka jina la Z lisisahaulike. Ikanunua magari ya 240Z yaliyotumika, ikayapeleka kwa mafundi stadi na kuyauza upya kwa wastani wa dola 25,000. Bei ile ya mwaka 1970, ikihesabiwa kwa thamani ya dola ya 1997, haikufika dola 15,000. Kwa maneno mengine, gari kuukuu liliuzwa ghali kuliko lilipokuwa jipya. Mpango ulikuwa kutoa magari 200. Hayakufika 50, mradi ukafungwa kwa sababu ya gharama.

Kampuni hiyo ilikuwa na michoro, vipuri, jina na wauzaji. Kama yenyewe ilishindwa kupata faida, mwenye gereji ya uani ana sababu gani ya kuamini kuwa yeye ataipata?

Jibu liko kwenye kutu. Injini ya 240Z, yenye silinda 6 na ukubwa wa lita 2.4, ni imara. Nayo ndiyo humdanganya mnunuzi: ikiwaka na kunguruma vizuri, hudhani kazi imekwisha. Kumbe ugonjwa uko sakafuni, chini ya betri, kwenye vyuma vya chesisi na kuzunguka mlango wa nyuma. Bati likikwanguliwa, tundu la ukubwa wa sarafu huwa la ukubwa wa sahani. Kukata, kuchomelea, kunyoosha na kupiga rangi ni kazi ya saa nyingi, na hakuna awezaye kuzikisia kabla rangi ya zamani haijatolewa.

Chukua mfano wa hesabu tu. Gari limenunuliwa kwa fungu 1. Bodi na rangi zimekula mafungu 3. Injini, viti na vipuri mafungu 2. Jumla ni mafungu 6. Likiuzwa kwa mafungu 5, mitaani itasemwa kuwa limeuzwa mara tano ya bei ya kununulia. Mwenyewe amepata hasara, na bado hajahesabu jioni zake wala riba ya mkopo.

Wapo wanaodai kuwa bei za magari haya zimekuwa zikipanda, hivyo mwenye subira atafidiwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitetei ukarabati. Bei ya soko ikipanda, hunufaika pia yule aliyenunua gari lililokwisha kutengenezwa, tena bila kuyumbishwa na fundi wala kutu. Mara nyingi gari hilo amelipata kwa bei iliyo chini ya gharama za aliyelitengeneza.

Wapenzi wa Z katika Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kulienzi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971. Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia mwaka 1973. Gari lililoshinda mwaka 1971 lilihifadhiwa Japani, na mwaka 2013 lilifufuliwa hadi likatembea tena. Lakini waliolifufua ni wafanyakazi wa Nissan waliojitolea nje ya saa za kazi. Kampuni ile ile ilishindwa pale kila saa ya fundi ilipolipiwa, na ikafaulu pale saa hizo zilipotolewa bure kwa mapenzi. Hilo ndilo somo lote.

Katika biashara hii wanaolipwa kwanza ni fundi, muuza vipuri na mwenye mnada. Mwenye gari hulipwa mwisho, kama kitu kimebaki. Kwa hiyo mwekezaji mdogo anayetaka faida ana njia mbili za busara: anunue gari zima, ambalo namba zake za chesisi na injini zinalingana na hati, au auze vipuri na ufundi kwa wale wanaofufua. Asiyetaka faida, bali furaha ya kusikia silinda 6 zikiimba asubuhi ya Jumapili, na afufue gari lake kwa moyo mkunjufu. Ila gharama zake aziandike upande wa matumizi, pamoja na harusi na sikukuu, si upande wa akiba. Mali bila daftari hupotea bila habari.