Kwa nini mizuka ya watumwa inasimuliwa na Wazungu?

Msikilizaji, Marekani kusaka mizuka ni biashara: kuna vipindi vya televisheni na ziara za usiku. Wasakaji wanaoonekana wengi ni Wazungu, lakini mizuka inayouzwa Kusini mara nyingi ni ya watumwa weusi.

Mjini Savannah, Georgia, watalii husimuliwa kisa cha Molly, mtumwa anayedaiwa kufia katika nyumba ya Sorrel-Weed. Mwanahistoria mweusi Tiya Miles, aliyetoa kitabu mwaka 2015, hakupata ushahidi kwamba Molly aliwahi kuwepo. Ila utumwa ulikuwepo kweli, na sasa umegeuzwa burudani.

Mwaka 2016 vijana watatu weusi walianza kipindi chao, Ghost Brothers. Uamini mizuka usiamini, swali linabaki: nani anasimulia mateso ya wafu, na nani anapokea kiingilio?