KITABU CHA MAKTABA NI AMANA



Ndugu zangu katika imani, kata yetu hapa Njombe mjini inaitwa Ramadhani. Ni jina la mwezi ulioteremshwa Qur'ani, na neno la kwanza kumfikia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) katika pango la Hira lilikuwa ni amri ya kusoma. Basi leo nawauliza watu wa Ramadhani, wa Makambako, na popote mlipo: watoto wetu wa sekondari wanasoma nini, na wanasomea wapi?

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe.

Miaka ya 1980, nikiwa sekondari, niliazima kitabu cha Jiografia katika maktaba ya shule. Likizo ikafika, nikaenda nacho nyumbani. Sikukusudia kuiba. Nilijiambia nitakirudisha muhula ujao, kisha ule mwingine, mpaka nikamaliza shule. Imepita zaidi ya miaka thelathini. Siku tunahama nyumba, mke wangu akakitoa chini ya sanduku. Muhuri wa shule bado unasomeka. Akaniuliza, "Baba watoto, hiki si cha watu?"

Mimi ninayepanda mimbari kuhubiri amana nikakosa la kusema. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Hakusema isipokuwa amana ya shule.

Nikakipeleka. Mwalimu aliyenipokea hakunicheka. Alinipeleka mpaka kwenye mlango wa maktaba, akafungua kufuli. Ndani kulikuwa na vumbi na vitabu vilivyofungwa kwa kamba, vingine havijawahi kufunuliwa. Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona watoto hawavisomi?" Akanijibu kwa upole, "Shekhe, tukiwapa hawarudishi. Kikipotea, mimi ndiye ninayeulizwa."

Nikatazama kile kitabu mkononi mwangu. Nikaelewa kuwa lile kufuli na mimi nilichangia kulinunua.

Ndugu yangu, usidhani maktaba ni pambo la shule. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, Biolojia na Fizikia zote anafundishwa kwa Kiingereza. Atavuka vipi? Havuki kwa vipindi vya darasani peke yake. Anavuka kwa kusoma hadithi nyepesi, moja baada ya nyingine, na kamusi pembeni, mpaka lugha imzoee. Vitabu hivyo mzazi wa kawaida anayelima viazi hana uwezo wa kuvinunua vyote. Maktaba inanunua kimoja, wanasoma mia.

Tena mnaijua baridi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba. Nyumba nyingine taa ni moja, meza hakuna, na mtoto wa kike akifika nyumbani anasubiriwa na ndoo na jiko. Chumba cha maktaba chenye meza, taa na utulivu, kikifunguliwa saa moja tu baada ya vipindi, kwake ni rehema.

Na mwalimu je? Tunamlaumu matokeo yakiwa mabaya, lakini anaandaa somo kwa kitabu kilekile kimoja alichonacho mwanafunzi. Mwalimu naye anahitaji vitabu vya rejea, kamusi, atlasi, na mitihani ya miaka iliyopita. Mwalimu asiyesoma zaidi ya wanafunzi wake ni kama kisima kisichoingia maji: kitachotwa mpaka kikauke.

Kuna wanaosema, "Shekhe, siku hizi kuna simu." Kweli, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao, na hilo ni jambo jema, litumieni. Lakini mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, na nyumbani simu ni ya baba, na bando ni la kuhesabu. Simu isaidie maktaba, isiwe sababu ya kuifunga.

Wengine wanasema, "Hivyo ni vitabu vya dunia, na shule ni ya serikali, ina watoto wa dini zote." Ndugu yangu, vitabu vya sira vinasimulia kuwa baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika na hawakuwa na fidia waliachiwa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Waliofundisha walikuwa washirikina. Mtume (s.a.w.) hakuidharau elimu kwa sababu ya mkono uliyoileta. Na jirani yako asiye Muislamu mtoto wake akisoma kitabu ulichokitoa, malipo yako hayapungui.

Wazee wetu walilijua hili. Kule Lamu, Msikiti wa Riyadha unaohusishwa na Habib Saleh una vitabu na hati za mkono, na vingi viliwekwa waqfu ili vinufaishe wanaotafuta elimu. Leo tukisikia waqfu tunawaza kiwanja, kisima na zulia la msikiti tu. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, yanayoendelea kumfikia maiti ni matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Kitabu kwenye rafu ya shule kinakusanya mawili ya mwanzo kwa mpigo.

Tangu 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Alhamdulillah. Lakini ilivyoondoka ada, na sisi wazazi tumeondoka nayo. Kikao cha wazazi kikiitwa tunatuma mtoto wa jirani.

Basi nawaomba mambo manne kabla ya Idd:

1. Kagua nyumba yako. Kitabu chochote chenye muhuri wa shule kirudishe, hata kama shule ulimaliza zamani. Ukiona haya, nitumie mimi, nitakipeleka. Haya hiyo mimi nimeshaionja.

2. Kwenye kikao cha wazazi uliza maswali matatu: maktaba inafunguliwa saa ngapi, nani ana ufunguo, na kipindi cha maktaba kiko kwenye ratiba?

3. Badala ya kumwachia mwalimu mmoja mzigo, wazazi tukubaliane kwa maandishi: kitabu kikipotea mikononi mwa mtoto wangu, nalipa mimi, si mwalimu.

4. Katika sadaka yako ya mwezi huu, tenga bei ya kitabu kimoja. Waulize walimu kwanza wanahitaji kipi. Usitoe takataka za kabatini ukaziita sadaka.

Walimu wangu, nanyi nawaomba kwa heshima: fungueni. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kina heri kuliko kipya kinacholiwa na mchwa ndani ya kufuli.

Ewe Mola wetu, tusamehe amana tulizozikalia, wafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na uwalipe kheri walimu wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.