Kazi za takwimu zipo, ila si pale wahitimu wanapozitafuta

ANAYEHITIMU shahada ya uzamili katika takwimu huulizwa na jamaa zake swali moja: utafundisha hesabu shule gani? Wengi bado wanadhani kwamba msomi huyu ana njia mbili tu, ama kushika chaki ama kungoja sensa.

Kwa miaka mingi njia iliyovutia zaidi ilikuwa ile ya miradi ya wafadhili. Miradi ya Ukimwi, malaria na lishe ilihitaji watu wa kufuatilia na kutathmini matokeo, na mishahara ilikuwa minono. Njia hiyo ilifinyika ghafla mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada na hatimaye kulivunja shirika lake la USAID. Aliyekuwa ameegemea ukuta huo alijikuta chini.

Utafiti wa afya na kilimo ungali na nafasi, japo si nyingi. Katika taasisi kama KEMRI, mwanatakwimu haitwi baada ya kazi kumalizika ili achore majedwali. Yeye hukadiria, kabla ya mgonjwa wa kwanza kupewa dawa, ni wagonjwa wangapi watatosha ili matokeo yaaminike. Akikosea hapo, mamilioni ya pesa yamekwenda na maji.

Benki nazo zilibadilika tangu M-Shwari ianze kukopesha kupitia simu mnamo 2012. Mama mboga asiye na hati ya mshahara hupimwa kwa jinsi anavyotumia simu na pesa zake, na kipimo hicho ni takwimu tupu. Kuhusu bima, wahitimu wasijidanganye: uzamili pekee haumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kukadiria hatari za bima. Kuna mitihani ya kitaaluma, mingine ya Uingereza, inayokula miaka.

Hata hivyo, ninaloona kuwa pengo kubwa zaidi liko katika kaunti. Septemba 2020, baada ya kushindwa kuafikiana mara kadhaa, Seneti ilipitisha mfumo wa kugawa fedha ambapo idadi ya watu ilipewa uzani wa asilimia 18 na umaskini asilimia 14. Maseneta waliteta usiku na mchana juu ya uzani huo. Ni wachache waliouliza nani huupima umaskini wenyewe, na kwa sampuli ya ukubwa gani.

Tumeshaonja gharama ya hesabu isiyoaminika. Agosti 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Bw Wycliffe Oparanya, alifutilia mbali matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini kwa kuwa ongezeko la watu lilionekana kupita kiasi. Mzozo ukaishia kortini. Gavana anayetaka kutetea fungu la kaunti yake anahitaji mtu anayeweza kuichambua hesabu ya namna hiyo, si wakili pekee.

Lakini nafasi za kazi zinapotangazwa, msomi wa takwimu hutafutwa kama "afisa wa mipango" au "mchumi", cheo ambacho yeye mwenyewe huenda akakipita bila kukitazama. Wanaosaka kazi wasome majukumu yaliyoorodheshwa, wasiishie kwenye jina la cheo.

Jingine ni uandishi. Sisi wahariri hupokea taarifa ambamo kiwango kilichopanda kutoka asilimia 10 hadi 15 kinasemekana kimeongezeka kwa asilimia tano, ilhali kimeongezeka kwa nusu. Mwanatakwimu awezaye kueleza tofauti hiyo kwa sentensi mbili zinazoeleweka na diwani ana soko kuliko mwenzake aliyebobea katika programu za kompyuta pekee.

Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Anayejiunga na uzamili leo ana muda wa kuhitimu kabla ya hapo, iwapo kaunti yake itakuwa imemtengea kiti.