Nusu digrii inayotupwa

Mgonjwa anayepimwa saratani kwa mashine ya PET, kama zile zilizopo Nairobi, hudungwa sukari iliyotiwa florini-18. Sukari hiyo hujazana pale seli zinapokula kwa pupa, na florini hutoa positroni, pacha wa elektroni ambaye uzito wake ni uleule ila chaji yake ni chanya. Positroni haifiki mbali. Ikikutana na elektroni mwilini huangamizana nayo, na mahali pao huchomoka miale miwili ya gama, kila mmoja na nishati ya elektronivolti 511,000, mmoja huku na mwingine kule. Mashine huunganisha miale hiyo kwa mstari, na mistari ikishakuwa mingi, uvimbe huonekana ulipo.

Ila mstari wenyewe haujanyooka barabara. Hupinda kwa takriban nusu digrii, na picha ikaingia ukungu kidogo. Wataalamu wa hospitali wanaichukia nusu digrii hiyo, na wana haki. Mwanafizikia wa metali, kwa upande wake, huifuata hiyohiyo kama mvuvi anavyofuata ndege wa baharini.

Abiria akiruka kutoka kwenye daladala ambayo haijasimama, lazima akimbie hatua mbili tatu mbele. Mwendo wa gari anao miguuni. Ndivyo ilivyo kwa miale ya gama. Positroni ikiingia kwenye metali hupoteza kasi yake ndani ya pikosekunde chache, yaani sekunde iliyogawanywa mara trilioni, kisha huzurura ikiwa imetulia mpaka ikutwe na elektroni. Kwa hiyo karibu mpindo wote unaoonekana ni mwendo wa elektroni. Na elektroni za metali zinakwenda hasa. Ndani ya alumini, zile za kasi kubwa hutimka kilomita 2,000 kwa sekunde, mwendo wa kutoka Mombasa hadi Lagos kwa takriban sekunde mbili, hata sufuria ikiwa imelala kabatini. Joto halihusiki. Elektroni hazikubali kukaa katika hali moja zaidi ya zinavyoruhusiwa, hivyo vyumba vya chini vikijaa, wanaofuata hupandishwa ghorofani. Umbo la ghorofa ya juu kabisa, ambalo wanafizikia huliita uso wa Fermi, ndilo linaloamua jinsi metali inavyopitisha umeme.

Mwanafizikia Carl Anderson alipoiona alama ya positroni katika chumba cha mvuke huko California mwaka 1932, hakuwa akitafuta kifaa cha kuchungulia waya wa shaba. Mwaka 1950 Sergio DeBenedetti na wenzake waliipima miale inayotoka kwenye dhahabu wakakuta haielekeani sawasawa. Kupotoka huko kulikuwa kudogo mno, na mtu mvivu angekuita kosa la vifaa.

Mbali na mipindo hiyo ya miale, zipo njia nyingine za kuchora uso wa Fermi, na baadhi ni sahihi zaidi. Lakini ile maarufu ya sumaku hudai fuwele safi sana na baridi kali, kwa sababu elektroni lazima izunguke bila kugongana na takataka. Positroni haina madai hayo. Mchanganyiko wa shaba na zinki huipokea vilevile. Ina dosari yake pia: chaji yake chanya huvuta elektroni zilizo jirani, kwa hiyo mpelelezi huyu huvuruga kidogo mtaa anaoupeleleza, na hesabu lazima zimrekebishe.

Kifo chake nacho kina saa. Ndani ya alumini isiyo na kasoro huishi pikosekunde 160 hivi. Ikinaswa mahali ambapo atomu imekosekana, elektroni huwa chache, nayo huishi hadi karibu 240. Pengo moja kati ya atomu milioni linatosha kujulikana, jambo la maana kwa anayechunguza uchovu wa chuma cha kinu cha nyuklia.

Hapo ndipo bajeti za sayansi zinapostahili kuulizwa. Mashine ya PET inanunuliwa kwa fedha nyingi, na ni sawa, wagonjwa wanaihitaji. Lakini atakayeielewa kwa undani atafunzwa wapi? Kipimo cha uhai wa positroni kinaenea juu ya meza moja: punje ya sodiamu-22 kati ya vipande viwili vya metali, vigunduzi viwili vya gama, na saa ya kielektroniki yenye kasi. Mwale mmoja wa sodiamu hutangaza kuzaliwa kwa positroni, mwingine hutangaza kufa kwake. Chuo kikuu kilicho jirani na hospitali kingeweza kuanzia hapo. Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Sodiamu-22 huchukua miaka 2.6. Mwanafunzi akiikuta ikiwa mpya siku anayoanza shahada ya miaka minne, siku anayovaa joho itakuwa bado na zaidi ya theluthi ya nguvu zake, tayari kwa anayemfuata.