Kabla ya bampa, breki

USUKANI WETU
Na Bakari Mchome

Magereji ya Arusha yana mafundi hodari. Land Cruiser inaingia ikiwa gari la kawaida, inatoka imerefushwa chesisi, imeongezwa viti, paa la kufunguka, bampa la chuma, friji na tangi la pili. Mwenye gari analipa kila kitu bila kinyongo. Akitajiwa breki, anauliza: “Kwani hazishiki?”

Zinashika, zikiwa na mzigo ziliotengenezewa. Gari hilohilo sasa litashuka njia ya Seneto kuingia Kreta ya Ngorongoro, kina cha mita 600 hivi kutoka ukingoni, likiwa na abiria na mizigo yao. Dereva akitegemea breki peke yake, kazi yote ya kuuzuia uzito huo inageuka joto kwenye diski na pedi. Pedi zikizidiwa, hupoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa: DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishaingia maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke unajaa kwenye mipira na pedali inazama mpaka chini.

Tairi kubwa, ambazo vijana wetu wanazipenda, zinaongeza tatizo. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, breki nayo inadaiwa nguvu ya ziada kwa asilimia hiyohiyo, na hapo hatujahesabu uzito wa tairi lenyewe.

Kwa hiyo nasema wazi: kuboresha breki kutangulie mapambo. Wala si lazima kuanza na vitu vya bei kubwa. Badilisha kwanza mafuta, uweke DOT 4 kama mtengenezaji wa gari anaruhusu, na mipira iliyopasuka itoke. Kisha pedi zenye mchanganyiko wa chuma, zinazovumilia joto. Zitapiga kelele kidogo na kula diski haraka zaidi. Ni gharama inayokubalika.

Kwenye diski ndiko watu wanakopotezea fedha. Zile zenye matundu zinapendeza machoni, lakini kwa gari zito la porini tundu huziba kwa tope, na ufa huanzia hapohapo. Diski nzima yenye unene kamili inatosha. Ukitaka zaidi, chukua yenye mifereji, inayofuta vumbi na tope usoni mwa pedi. Diski ya zamani inaweza kuchongwa, ila isishuke chini ya unene uliogongwa juu yake. Na usibadilishe upande mmoja tu, gari litavuta.

Zikishafungwa, usiende mlimani siku hiyohiyo. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, uziache zipoe, ili pedi na diski zizoeane.

Hata hivyo, hakuna diski duniani inayochukua nafasi ya gia ndogo mteremkoni. Dereva asiyejua hilo ataunguza pedi za bei yoyote.

Wenye kampuni za utalii, mgeni hapandi gari kwa sababu ya bampa. Kabla hujalipia bampa, mwambie fundi afungue magurudumu yote manne, nawe uwepo uone kilichomo.